Mama Hakufika Lindi

Nazi zikishushwa sokoni Tunduma, moja ikapasuka chini, harufu yake hunisimamisha hapo hapo. Kwetu kwenye baridi nazi haioti. Mama yangu ndiye aliyekuwa nayo, tena kichwani tu.

Alizaliwa Lindi. Baba, Mnyiha wa Iyula, alimpata huko alipokuwa mwanajeshi Nachingwea, akaja naye huku mpakani Tunduma na kufungua banda la cherehani. Jioni, tumejikunyata jikoni kuukimbia upepo, mama alitufundisha mkoa wake kana kwamba kesho tuna mtihani. Mto Lukuledi, mto Mbwemkuru. Kilwa ya masultani waliokuwa na sarafu zao. Kilwa Kivinje, ambako Wajerumani waliwanyonga watu wa Maji Maji. Reli ya karanga ambayo Waingereza waliijenga, kisha ikang'olewa.

"Na kwetu mtu halali na sweta," alimalizia, akimtazama baba kama aliyemwuzia kiwanja kibovu.

Masika moja, nikiwa darasa la tatu, ikaja simu ya maandishi: bibi wa Lindi yu mahututi, anamwita mama. Mama akapanda treni ya Dar es Salaam ili ateremke kusini kwa basi. Nikamwagiza kombe za baharini.

Alirudi amekonda, upindo wa kanga umekauka tope.

"Mama, kombe zangu?"

"Sikufika, mwanangu."

"Ulipotea?"

"We mtoto, mwache mama yako!" baba alinikemea.

Tangu hapo Lindi haikutajwa tena jikoni. Niliamini mama amesahau njia ya kwao. Baadaye nikaanza kushuku kama huo mji upo kweli.

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wa jiografia alipochora pwani yote ya kusini ubaoni. "Hapa Rufiji hakuna daraja," alisema. "Masika mto ukifurika, pantoni husimama. Lindi na Mtwara zinakatika." Wenzangu waliandika. Mimi nilishindwa.

Nilimpitia shangazi, dada yake baba, nikamwuliza. Akanieleza kwamba mama alikaa ukingoni mwa Rufiji, katikati ya malori yaliyokwama, mpaka mtu mmoja wa Kilwa, aliyekuwa akitoka Lindi, akavuka kwa mtumbwi na kumwambia kuwa bibi ameshazikwa. Mto wenyewe haukuwa hata wa mkoa wake.

Nyumbani nilimkuta akipepeta maharage.

"Mama, bibi aliitwa nani?"

Ungo ukatulia. "Somoe," alisema. "Tangu nirudi, hakuna aliyeniuliza."

Nilidhani nimeelewa siku ile, lakini bado. Nimeelewa juzijuzi, baada ya kumzika mama mwenyewe huko Iyula, uwanja umejaa watu waliomjua, kila mmoja na lake la kumsimulia. Yeye alimlilia mama yake kati yetu sisi, na ukimtoa baba, hapakuwa na hata mmoja aliyeijua sura ya marehemu.