Kitabu Kilicho Ndani ya Simiti

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, kwa hivyo usinitafutie maneno ya kupamba. Naandika ilivyokuwa.

Mama yangu amezikwa kisiwani Mfangano, kwake alikoolewa. Nikiwa msichana, Mjerumani mmoja kijana alikuja pale na mashine ya kunasa sauti. Wiki tatu alikaa kwa kigoda akimsikiliza mama akisimulia sigana, hadithi zetu za zamani, huku mama anapara magamba ya samaki aina ya ngege. Alitaka kuzitia kitabuni. Mama hakumwomba chochote, alimwambia tu, "Ukimaliza, niletee nikione." Akaahidi. Mama alikufa akiuliza kama boti imemleta yule Mjerumani.

Mwaka juzi ndugu yangu anayekaa Mfangano alinipigia simu. "Nyaminwa, dada yangu, yule odiero wa mama, yule mzungu, amekuja. Amezeeka, ana fimbo na kitabu."

Hivyo ndivyo Mjerumani alivyonifikia mjini Sori, ninakokaa tangu mabega yangu yalipokataa kuponda mawe ya dhahabu kule Osiri. Alinipa kitabu kwa mikono miwili. Kijerumani kitupu, lakini ndani kulikuwa na picha ya mama na kisu chake. Nilikaa chini.

Hakurudi kwao. Alipanga nyumba karibu na yangu, nami nikawa nampikia. Nikisonga ugali, yeye anaongea. Kiswahili chake ni cha vitabuni, safi kuliko changu. Alizaliwa katika mji uliobomolewa kwa vita. Baba yake alikuwa akipanga herufi za madini ya risasi kwa mtambo wa kuchapa, mikono myeusi hata Jumapili. Yeye alianza kwa kufagia duka la vitabu, kisha akafungua kampuni yake ya kuchapa vitabu chini ya nyumba, mahali pa kuwekea makaa. Mkewe alisoma kila karatasi kwa sauti naye akafuata kwa kalamu akitafuta makosa, mara tatu kila kitabu. Walichapa vitabu vya watu wa mbali ambao kule Ujerumani hakuna aliyewajua. Mke akafa, mtoto hawakuwa naye, kampuni ikauzwa kwa wakubwa.

Nilimwonea huruma. Hiyo huruma ndiyo ilifanya yale mengine yaume zaidi.

Mwaka uleule tulitia simiti kaburi la mama. Nilienda Mfangano na kile kitabu, nikakifunga kwa nailoni mara tatu, na fundi alipomwaga simiti, nikakizamisha upande wa kichwa. Mama aliahidiwa, mama amepewa. Ndugu yangu alisema, "Sasa atalala." Mjerumani sikumwambia. Nilijua mwenye kutengeneza vitabu anavyo kwao kama mwenye posho mill alivyo na unga.

Siku moja tukila, akasema, "Nipe kile kitabu. Kuna hadithi nimeisahau mwisho."

Nikamwambia kiko wapi.

Aliacha tonge mkononi. "Ndani ya simiti?"

"Ndani. Agiza kingine kwenu."

"Hakuna kingine."

"Si ulichapa vingi?"

"Maelfu. Watu hawakununua. Vilivyobaki vikasagwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Nilidhani Kiswahili kimempotea. Haikuwa hivyo. Alinieleza polepole, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Ghala likijaa, lori linakuja. Vitabu vinatiwa kwa mashine, vinakuwa uji, na ule uji wanatengenezea makasha. Kila mchapishaji hufanya hivyo.

"Makasha ya nini?"

"Kama yale ya mayai."

"Mama yangu amebebea watu mayai?"

Akaliweka tonge kwenye sahani. Osiri jiwe tukilisaga na kulisafisha, hata ule mchanga uliobaki hatutupi, maana bado una kitu. Na huyu, msomi, alisaga maneno ya mama, kisha akaja kwangu kula samaki! Nikauliza zile kanda za sauti. Ziliingia maji. Nikauliza maktaba. Akasema sheria yao inataka kila kitabu kipelekwe maktaba kuu, lakini mwaka ule mkewe alikuwa hospitalini, akasahau. Kile alichoniletea alikitafuta miaka minne.

Asubuhi nilichukua nyundo yangu ya Osiri. Alinifuata bila kuulizwa, tukavuka ziwa hadi Mfangano.

Ndugu yangu alitukuta kaburini. "Hiyo nyundo ya nini?"

"Kutoa kitabu."

"Wewe una wazimu? Kaburi la mama?"

"Sifungui kaburi. Navunja simiti."

"Ukipiga hapo kichwani, nyaminwa, unampiga nani?"

Niliinua nyundo. Mkono ulikataa kushuka. Kwa jina la Mungu, ulikataa.

Mjerumani aliinama akaigusa ile simiti kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. "Iacheni," akasema. "Mama yenu aliniambia nimletee. Kimefika. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona kitabu kikiwekwa namna hii."

"Na hadithi je?" nikamfokea. "Unataka zioze pale?"

"Nilizisikia mara tatu kwa sauti ya mke wangu. Nyingi ninazo."

"Basi sema. Sasa hivi."

Ndugu yangu akaguna. "Sigana mchana? Anayesimulia mchana hudumaa, hakui tena."

"Nina zaidi ya miaka themanini," akasema mzee. "Nimemaliza kukua."

Tulikaa palepale. Yeye anasimulia, mimi namkatiza. "Fisi hakujibu hivyo. Alijibu kwa kiburi." Ndugu yangu naye akaanza kutusahihisha sote. Tumerudi mara nyingi tangu siku hiyo, nami naandika kwa daftari za shule. Amesema anaweza kuzipeleka kwa ile kampuni zichapishwe. Nikamwambia aahidi kwanza kwamba hazitasagwa. Akasema hawezi kuahidi, kwa sababu kampuni si yake tena. Angalau hakunidanganya. Basi daftari zinakaa kwangu.

Imebaki moja, ya msichana aliyeolewa na kiboko. Mwisho wake hakuna anayeukumbuka, si mimi, si ndugu yangu, si Mjerumani. Uko pale, ndani ya simiti, upande wa kichwa. Nyundo niliiacha kwa ndugu yangu, na kila nikienda naikuta mahali pale pale.