Mashine ya Kemunto Imemeza Namba ya Saa Yangu

Leo nusura nipigane na mashine hapa Tabaka, na mnajua mimi sishindwagi.

Kemunto, mtoto wa ndugu yangu, ameleta mashine ya leza ya kuandika majina kwenye mawe.

Nikamwambia hakuna taa inaweza kufanya kazi ya patasi yangu. Mimi nimechonga simba mpaka mbwa wakabweka!

Akasema, "Tata," yaani baba, "lete hiyo saa yako nikuonyeshe. Nitapunguza nguvu."

Saa hiyo ya namba, isiyo na mishale, alininunulia mama watoto, Mungu amlaze pema. Nikaitoa polepole. Sikuwa namwamini.

Akaelekeza mwanga mwembamba kama sindano kwenye kioo.

Doa jeusi likameza namba nne.

"Umeua saa ya marehemu!" Nikainyakua, nikang'oa na waya wa stima.

"Tata, ndani ya kioo kuna kitu kama maji, na chembe zake zimejipanga. Mwanga umezipasha joto zikavurugika. Zikipoa zitajipanga tena."

Maji? Miaka hii yote saa haijawahi kunilowesha mkono!

Nikiwa bado nafoka, watu waliokuja kuona mashine wakaanza kucheka. Kuangalia saa, doa limeisha. Nne iko pale.

Nikaigeuza haraka, pengine amenibadilishia. Lakini mkwaruzo wangu wa nyuma upo.

Sasa Kemunto anataka eti nimwombe msamaha.

Sawa, namba imerudi.

Lakini nyinyi mliosoma niambieni ukweli: hii nne iliyorudi ni ile ile aliyoninunulia mama watoto?