Msiba Usio na Mtani

Kipindupindu kilipoingia mjini Morogoro, mama yangu mdogo aliugua asubuhi, na kabla jua halijazama hatukuwa naye. Alikuwa akiuza uji na vitumbua karibu na stendi ya Msamvu. Mabwana afya ndio waliomzika, wamevaa mabuti na glavu, wakinyunyiza dawa. Mimi nilisimama mbali nikikemewa kila niliposogea. Matanga hayakukaliwa. Kupika msibani kulikuwa kumekatazwa, kupeana mikono vilevile.

Kesho yake nilipanda mlimani kumpelekea mama habari ya mdogo wake. Nilimkuta akipalilia karoti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani aliwapikia?"

"Hakuna aliyepika, mama. Wamekataza."

"Na watani?"

"Hawakuja."

"Basi huo si msiba," akasema, akarudi kwenye karoti zake.

Nilidhani ni uchungu tu unaosema. Lakini jioni alitenga viazi kwenye kikapu, akaniambia ni vya mdogo wake, atavichukua Jumamosi. Jumamosi ikapita. Akaanza kukataa chakula, eti watakula pamoja mwenzake akifika. Kila siku kanga ilizidi kumpwaya kiunoni. Niliogopa. Nilikuwa nimeshazika mama mmoja, na huyu wa pili alikuwa ananiponyoka huku nikimtazama.

Nikabaki kule kumtunza, nisijue hasa namtunza vipi. Mtaalamu mmoja redioni alisema mfiwa asikilizwe, asibishiwe. Katekista akaniambia, huku amesimama mbali, nimweleze ukweli kwa upole. Nikafuata yote mawili. Asubuhi nilimweleza ukweli, mchana nilimsikiliza, na ikifika jioni sote wawili hatukujua tunazungumza habari gani. Upole wenyewe sina sana. Siku moja uji ulipopoa tena mbele yake nilipandisha sauti, nikamwambia amekufa, mama, amekufa, nimeona kwa macho yangu. Alinitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umechoka. Kalale."

Nikaenda kulala kweli. Nilianza kujiuliza ni nani kati yetu aliyepotewa na akili.

Mtani wetu ni bibi mmoja Mnyamwezi aliyeolewa kijijini pale kabla sijazaliwa. Kwenye misiba yetu kazi yake inajulikana: kuwatania wafiwa na kumwigiza marehemu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Sijui nani alimpa habari. Alikuja mchana mmoja, akasimama nje ya ua, mbali na mlango kama tulivyoagizwa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Yuko wapi huyo Mluguru anayekataa kufiwa?"

Hakungoja nijibu. Akajifunga kanga juu kabisa, chini ya kwapa, akashika kiuno, akaanza kupanda kijia akihema. Kila baada ya hatua chache alisimama na kujipepea.

"Jamani dada," akaita, "mlima huu mtauhama lini? Watu gani mnalima mmejifunga kamba msije mkaporomokea kwa jirani?"

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Ndivyo alivyolalamika kila alipotoka mjini kuja kututembelea, maneno yaleyale, na kule kuhema kwa makusudi ili apelekewe maji. Nilishika ufagio, na hadi leo sijui nilitaka kumfukuza yule bibi au kumkimbilia.

Mama akatoka ndani. Akasimama mlangoni, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika nguzo, na mtani naye akazidisha, akadai maji, akadai kiti, akasema watu wa milimani ni wachoyo. Kisha kicheko kikawa kilio. Nilikuwa pale pale na sikuona kilipogeukia.

Mtani akafungua kanga, akaifunga upya kama anavyoifunga yeye siku zote, akakaa chini palepale kijiani.

Baada ya muda mrefu mama alijifuta uso, akaniona nimesimama na ufagio wangu. Akanionyesha pa kukaa, kando yake.

"Keti, mwanangu," akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kunishtua. "Mama yako mdogo amefariki."

Nikaketi. Na mimi niliyemwona akifukiwa, nililia kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza.