Mbuzi Aliyewakimbia Wenzake

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nikiwa msichana wa pale Nakwa. Nilikuwa nimeketi kwenye mtumbwi na mbuzi wangu Neema, kengele shingoni. Tulikuwa tunavuka kwenda kwenye kisiwa kidogo cha ziwani kuwamaliza mbuzi pori.

Hawakuanza wakiwa wa pori. Mtu mmoja aliwavusha huko akiwakwepa fisi, kisha akahama akawaacha. Wakazaana, wakasahau watu. Wakala majani, wakala na magome, mpaka mizizi ikabaki nje na udongo ukawa unaporomokea kwenye matete wanakozalia samaki. Wavuvi waliweka mitego, wakaleta mbwa, wakachoka. Ukitembea kisiwani ulisikia kikohozi nyuma yako, kama cha mtu mzima, na ukigeuka huoni kitu.

Mzee Bura, mchunga mbuzi wa zamani kutoka Sigino, ndiye aliyeleta njia. Alisema mbuzi hawezi kuvumilia upweke. Mfunge kengele, mwachie, atawatafuta wenzake mpaka awapate, nanyi mfuate mlio wa kengele mkiwa na nyavu. Neema nilimlea kwa chupa, na nikimwita alikuja, ndiyo maana tukachaguliwa sisi.

Ilikuwa rahisi mpaka inatisha. Kila alipokwenda, walimpokea. Mzee alikuwa na sharti moja tu: kabla kisu hakijatoka, nimpeleke Neema upande wa pili wa kisiwa.

"Mbuzi hachinjwi mbele ya mwenzake," alisema. "Na huyu ndiye tuliyemtuma kwao."

Siku ile ya ukungu nilichoka kupanda miamba, na kusema kweli nilitaka kuona. Nikabaki naye. Neema hakulia. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akanigeukia akanitazama.

"Binti," Mzee Bura akasema, "shikamoo yako ya kila asubuhi ni ya mdomo tu? Si nilisema umwondoe?"

"Samahani, babu."

"Usiniombe mimi."

Mbuzi pori walikuwa wamebaki wawili, jike na dume. Kuwaacha hao ni kuanza upya, kwa hiyo tulimwachia Neema tena. Akasimama juu ya jiwe bila kutikisa kichwa, kengele kimya. Tukangoja. Mwishowe wale wawili wakatoka wenyewe mafichoni wakamfuata, maana na wao upweke ulikuwa umewashinda. Neema alipowaona, akakimbia. Wakamkimbilia, naye akazidi, kengele ikilia ndani ya ukungu, mara huku, mara kule, mpaka hatukujua inatokea wapi. Mzee Bura alivua kofia yake akaishika mkononi. Wale wawili walikuja kunaswa mvua zilipokwisha, kwa jasho la watu wengi.

Kisiwa kiliota tena, matete yakarudi. Neema nilimvua kengele nikamrudisha zizini. Mbuzi mwingine akimsogelea, yeye alihama. Nikimwekea maji kwenye beseni, akiona kivuli chake alirudi nyuma. Alikufa kwenye kona yake, wenzake wakiwa kona yao, nami nililia sana.

Nakuambia haya kwa sababu kesho unaanza kusimamia watu. Kazi ngumu ikilazimu, ifanye. Kisiwa kile kilikuwa kinakufa, siwezi kukudanganya. Lakini ukimtuma mtu kwa kuwa wenzake wanamwamini, jua kwamba wewe utaondoka na yeye atabaki nao. Mlinde, au usimtume. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu likavunjika la mwingine, na hilo, mwanangu, haliungiki.

Nenda salama. Mungu akupe watu wa kukusogelea, na asikupe sababu ya kuwakimbia.