Mbwa Aliyekimbilia Honi

Kama umewahi kupita Miasenyi ukielekea Voi, basi umemwona Mable Mghoi hata kama hukujua jina lake. Ni yule mama wa leso ya kijani anayeuza machungwa na njugu upande wa kushoto, karibu na kibanda cha kuziba pancha. Kibanda hicho ni changu, ndiyo maana mambo yake nayajua. Tumekuwa majirani miaka mingi, yeye akiongea na mimi nikisikiliza, na hakuna aliyelalamika.

Mable ni mtu wa Mghange, kule juu kwenye ukungu na baridi. Alishuka akiwa msichana, akafanya kazi za nyumba Mombasa, akaolewa, akafiwa na mume, na mwishowe akatulia hapa kwenye vumbi. Mwanawe Derrick alishakua, anaendesha bodaboda Taveta. Ukiwauliza watu wa hapa Mable ni mtu wa namna gani, watakupa kisa cha beseni. Dereva mmoja wa lori alinunua machungwa, akaomba apelekewe mpaka garini ndani ya beseni, kisha akaondoka nalo. Sisi wengine tulimpa Mable pole. Yeye alifunga leso, akapanda bodaboda, akamkuta yule mtu Maungu akila chapati. Hakupiga kelele. Alimwaga machungwa juu ya meza, yakazunguka sahani na kikombe, akachukua beseni lake akarudi. Na beseni lenyewe lilikuwa na ufa.

Sasa hiki cha mbwa.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, barabara imepoa kidogo. Gari jeupe likatoka upande wa Mombasa, likapita vibanda vyetu, likasimama mbele karibu na vichaka. Mwanamume akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoka mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, manyoya safi kama ya mtu aliyetoka kuoga. Nilidhani anashushwa akojoe. Yule mwanamume alimvua mkanda wa shingoni, akautia mfukoni. Kisha akatoa mpira mdogo, mbwa akaruka ruka kwa furaha, na mpira ukarushwa mbali kule vichakani. Mbwa akaufuata mbio.

Aliporudi na mpira mdomoni, gari lilikuwa limeshaanza kwenda.

Mable aliacha machungwa akakimbia mpaka ukingoni mwa lami, akipunga leso. "We! Nyinyi! Mmesahau mbwa!"

Mbwa naye alikimbia. Alilifuata gari mpaka tukawa hatumwoni tena. Baadaye sana alirudi akichechemea, ulimi nje, na mpira bado mdomoni. Akakaa palepale gari liliposimama, akauweka mpira mbele ya miguu yake, akatazama barabara.

"Hawajasahau, Mama Derrick," akasema Mzee Nzioka, aliyekuwa amekuja kwangu kujaza upepo tairi ya baiskeli. "Huyo ameletwa."

Nzioka anafuga mbuzi, na boma lake liko nyuma ya vibanda vyetu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa sababu hakuwa mbwa wa kwanza. Nadhani watu wa mjini huambiana kwamba mashambani kuna nafasi, mnyama atajitafutia. Atajitafutia nini? Huku ni miiba na ranchi, na nyuma ya ranchi ni mbuga ya Tsavo. Mbwa aliyezoea kulala verandani hamjui fisi. Wengine tuliwaokota barabarani wakiwa wamebondwa na malori. Wengine hatukuwaona tena. Wachache waliobaki walijifunza kutembea kundi moja, na wiki iliyotangulia walikuwa wameingia kwa Nzioka wakaua watoto wa mbuzi, wakawaacha wametapakaa bila hata kuwala.

"Jumamosi naweka sumu," akasema. "Nimeshasema kwa kila mtu, na wewe nakuambia. Aliyefungwa kwake hatakufa. Anayezurura, shauri yake."

"Huyu hajaua mbuzi wa mtu."

"Bado hajashikwa na njaa."

Mable alichukua ugali uliobaki, akauweka juu ya gazeti, akampelekea yule mbwa. Mbwa aliunusa, akamtazama Mable usoni, akageukia barabara. Mable akamwekea nyama kidogo kwenye nyasi. Vilevile. Mimi nilidhani ni huzuni. Mable akarudi kwenye meza yake, akachukua sahani ya bati anayolia chakula cha mchana, akaweka uleule ugali. Mbwa akala mpaka sahani ikateleza.

"Kumbe huyu ni wa sahani!" Nzioka akacheka. "Mpelekee na kijiko, Mama Derrick. Na maji ya kunawa."

"Ukizoeshwa vizuri si kosa lako," Mable akasema.

Tungeishia hapo kama si honi. Jioni hiyo mbuzi walikuwa wanavuka barabara, na lori likapiga honi ndefu kuwaonya. Mbwa akasimama wima, masikio juu, mkia ukichapa huku na huku, akakimbia moja kwa moja mpaka mbele ya lori. Dereva alikanyaga breki mpaka tairi zikatoa moshi. Mbwa akasimama pale mbele ya taa akitikisa mkia, akimsubiri mtu ashuke.

Dereva akatukana, sisi tukamvuta mbwa pembeni. Wengi walisema ana wazimu.

"Anaenda getini," Mable akaniambia baadaye. "Fundi, mimi nimefanya kazi nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba akifika anapiga honi nje ya geti. Kabla hata askari hajatia ufunguo, mbwa ameshafika. Huyu hajui honi nyingine. Kila gari likilia, kwake ni baba amerudi."

Na hapa Miasenyi, msomaji wangu, honi hulia kuanzia asubuhi mpaka asubuhi.

Mable alimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda chake, akampa jina Geti. La mjini lilikuwa limeondoka na mwenye gari. Lakini kila honi ilipolia, Geti alijirusha kuelekea barabarani mpaka kamba ikamkaba, akaanguka, akaamka, akasubiri honi nyingine. Shingo ilianza kutoka damu mahali pale pale ulipokuwa mkanda. Watu wakamwambia Mable mbwa huyo ni wa kufa tu, kwa lori au kwa Nzioka, amwachie achague mwenyewe.

"Hatakufa," Mable akasema. "Tutamhamishia geti."

Hatukumwelewa mpaka tulipoona. Aliiweka sahani ya bati nyuma ya kibanda, upande wa vichakani, mbali kabisa na lami. Lori likipiga honi, anaacha chochote anachofanya, hata kama mteja ameshanyoosha mkono, anakimbia nyuma, anaweka kipande cha ugali au mfupa kwenye sahani, anaigonga na kijiko. Mbwa anavuta kamba kwenda barabarani, Mable anamvuta kwenda nyuma. Honi, sahani. Honi, sahani. Wateja walichungulia madirishani, wakaondoka bila machungwa.

Siku ya pili akanijia. "Fundi, wewe madereva wako wanakaa hapa bila kazi wakikusubiri. Waambie wanipigie honi."

Mimi si mtu wa kuomba watu mambo. Nilikaa na sentensi ile mdomoni mpaka tairi likaisha kuzibwa. Mwishowe nikamwambia Mutiso, dereva wa lori la saruji ambaye hupita kila mara, nikiwa nimeinama kana kwamba naongea na jeki. Mutiso alicheka mpaka akashika mlango.

"Mathe!" akamwita Mable. "Unataka nipige honi tu, au nimwimbie pia?"

"Piga honi. Sauti yako itamrudisha Mombasa."

Akapiga. Na wa nyuma yake akapiga. Habari zikaenea kwa madereva kama zinavyoenea zile za polisi walioko mbele, na kufikia katikati ya wiki malori yaliyokuwa yameegeshwa yalikuwa yanapiga honi kwa zamu, Mable akikimbia na kijiko, na watoto wa shule wakisimama kuangalia. Nzioka alisema kijiji kimerogwa. Lakini alikuja kuangalia kama wengine.

Alhamisi nilimwona Geti akisikia honi, akatazama barabara, akatazama nyuma. Alikwenda barabarani. Ijumaa alisita zaidi, akaenda nyuma, kisha honi ya basi ikalia akasahau kila kitu. Mable akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia hajawa tayari. Akasema basi Jumamosi atashinda amefungwa, na Jumapili tunaendelea.

Jumamosi asubuhi nilipofika, kamba ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo, imetafunwa.

Mable alikuwa ameshazunguka vibanda vyote. Leso imemtoka kichwani. "Nzioka ameshaweka sumu?"

Nilikuwa nimemwona Nzioka akipita na ndoo ya matumbo. Nikaitikia kwa kichwa.

Kutoka kwetu unaliona boma la Nzioka, na vichaka vinavyolizunguka. Tulimwona Geti. Alikuwa amesimama kule, kichwa chini, ananusa kitu. Wakati huo alikuwa mbwa kama mbwa wote, asubuhi, na njaa, na matumbo yako mbele yake, na hatukujua kama mbwa wa sahani bado ni wa sahani baada ya wiki nzima ya kuishi na sisi. Mable alipiga ukelele akamwita. Hakuinua kichwa. Jina lenyewe alikuwa bado hajalijua.

Kumkimbilia hakuwezekani, ni mbali. Mable aligeuka akakimbia upande mwingine kabisa, kwenye lori la Mutiso lililokuwa juu ya jeki yangu tangu jana.

"Mutiso, piga honi!"

"Mathe, na kama akienda barabarani? Ona vile magari yanakuja!"

"Nimekuambia piga!"

Mutiso akapiga, akaishikilia. Kule vichakani Geti akainua kichwa. Akaanza kukimbia. Mable alikuwa tayari amefika nyuma ya kibanda na sahani, hakuwa na ugali wala mfupa wa kuweka ndani, anaigonga tu kwa kijiko kwa nguvu zake zote.

Mbwa alitoka vichakani kama jiwe. Pale nyuma ya vibanda kuna njia mbili. Moja inaishia nyuma kwa Mable. Nyingine inakatiza kati ya kibanda changu na chake mpaka kwenye lami, na lori la tanki la mafuta lilikuwa linakuja kwa kasi, nalo likapiga honi. Geti akaishika njia ile. Akapita kwangu, nikanyoosha mkono nikashika hewa. Akafika mwisho wa kokoto, akasimama. Tanki likapita na upepo wake ukayalaza manyoya yake upande mmoja.

Halafu akageuka. Akarudi kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, akaenda nyuma, akatia mdomo kwenye sahani tupu.

Mable akakaa chini kwenye vumbi. Akapasua machungwa akayaweka kwenye sahani, sijui alifikiria nini, na mbwa akayala.

Nzioka alikuja baadaye na ndoo yake. Matumbo yalikuwa ndani, ameyaokota yote, alikuwa anaenda kuyachoma na kuyafukia.

"Nilikuwa nimesimama kule," akasema. "Alikuwa ameshaweka pua." Akamtazama mbwa. "Wale wa kundi bado wako, Mama Derrick. Mimi watoto wa mbuzi siwezi kuwapoteza tena."

"Najua, Mzee. Mchukue huyu jioni, umrudishe asubuhi. Ana sauti, wakija atakuamsha."

"Na sahani?"

"Sahani nitakupa. Kijiko ujinunulie."

Ndivyo wanavyoishi mpaka leo. Mchana Geti yuko kwa Mable, jioni ndiye askari wa Nzioka, na lile kundi halijaingia bomani tena. Ule mpira uko chini ya meza ya machungwa. Geti hauchezi. Ukiugusa, anakutazama tu.

Mable yeye hakuishia kwa mbwa mmoja. Sasa gari dogo likisimama pale vichakani na mlango wa nyuma ukafunguka, utamwona ameshafika dirishani, beseni la ufa kichwani. "Karibuni Miasenyi. Mnamshusha nani?" Wengi hufunga mlango na kuondoka. Juzi lilisimama pikapu la mume na mke, nyuma kuna katoni imefungwa kwa kamba, na ndani ya katoni paka analia.

"Tunapumzika tu, mama," mke akasema.

"Pumzikeni. Na mimi nitapumzika hapa."

Akaegemea bodi la pikapu. Geti akaja akakaa miguuni kwake. Mume alitazama simu, mke alitazama milima, paka akaendelea kulia. Jua lilikuwa kali. Mable alimenya chungwa akala taratibu mpaka likaisha, akamenya la pili. Ndipo mume akawasha gari wakaondoka na katoni yao.

Mimi huwa siulizi, lakini hiyo nikauliza. "Na wakimtupa huko mbele, Maungu?"

Mable alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Valentine? Uko hapo kwa meza? Kuna pikapu ya bluu inakuja, na nyuma ina katoni." Akanitazama huku akisubiri mwenzake, muuzaji wa Maungu, amalize kuongea. "Fundi, Maungu si nilishawahi kufika?"