Theluji Niliyoikataa

Mwanangu, katika miaka yote niliyokaa Dubai ipo siku moja ambayo nikiikumbuka uso hunishika moto hadi leo. Sikufukuzwa kazi siku ile, wala sikuibiwa. Nilimwita dada yangu mwongo mbele ya mama yetu, kwa sababu ya hali ya hewa ya nchi ambayo mimi mwenyewe sijaikanyaga mpaka sasa. Nimekusikia juzi ukimfokea mwenzako kwenye simu, na sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu ya ujanani. Kwa hiyo kaa nikueleze, ingawa si hadithi inayonipa sifa.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, Dubai inajengwa usiku na mchana. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtunza stoo kwenye ghala la vipuri vya magari huko Ras Al Khor. Nilikuwa nikilala Al Muraqqabat, chumba kimoja na wanaume wenzangu, vitanda juu ya vitanda. Sisi kwetu ni Taita, milimani Wundanyi. Baba alifariki tungali wadogo, mama akatulea wawili, mimi na mdogo wangu Wakesho. Mimi nikaenda Uarabuni, na Wakesho akapata kazi ya kutunza wazee Uingereza, katika mji mdogo ulioko juu kwenye vilima vya kaskazini.

Nitasema ukweli, maana uzee ukiufunika ukweli ni wa nini? Nilikuwa na wivu. Wakesho ndiye aliyekuwa mdogo, na ndiye aliyefika Ulaya. Watu wa nyumbani walipoulizana habari, walianza na yeye. Mimi nilikuwa nikila vumbi la Ras Al Khor na kumwitikia bosi "haya, arbab" kutwa nzima. Wivu wa ndugu haupigi kelele, mwanangu. Hukaa kimya ukingoja sababu.

Basi mama akaanza kuumwa macho. Daktari akamwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Alinipigia simu akasema, "Mwakio, mimi giza siliogopi. Ila nataka nimwone Wakesho kabla halijanifunga." Ilikuwa miaka mingi hajamtia machoni.

Tukapanga. Pasipoti yangu ilikuwa kwa kafeel, mwajiri aliyenidhamini, na likizo yangu bado iko mbali. Wakesho naye alipewa ruhusa fupi. Tukaona tukutane Dubai wote watatu. Mama alikuja kwa viza ya matembezi. Kwa kuwa chumbani kwangu hapakuwa mahali pa kumweka mama, alimpokea Bi Khadija, mjane wa Kiunguja aliyekuwa akiishi Satwa tangu zamani, mumewe marehemu alikuwa fundi cherehani pale. Bi Khadija alikuwa akitupikia chakula cha mchana sisi vijana wa maghalani. Mama mlokole, yeye Mwislamu wa swala tano, na siku ya pili tu ungewakuta wanachambua mchele kwenye sinia moja na kucheka kama waliosoma darasa moja.

Siku ya Wakesho kufika, mama aliamka mapema akavaa gauni lake la bluu. Alikuwa amemletea binti yake mfuko wa makadamia za shambani kwetu, akawa ameupakata tangu asubuhi kana kwamba mtu angemnyang'anya. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Mara simu yangu ikalia.

"Kaka," Wakesho akasema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka, "sikuwahi ndege. Theluji imefunga barabara. Basi halipandi, teksi zimekataa. Tangu jana nahangaika. Mwambie mama anisubiri, ikifunguliwa tu nakuja."

Nilimhurumia, kusema kweli, lakini huruma ile haikudumu. Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, Mwadime, anayeishi Liverpool, mji wa pwani. Nikampigia.

"Theluji gani?" akaniuliza akicheka. "Hapa jua limetoka. Nimetoka hivi kununua mkate nikiwa nimevaa koti jepesi tu. Baridi ipo, lakini theluji sijaona hata chembe."

"Na kutoka hapo hadi kwa Wakesho ni mbali?"

"Wapi! Saa moja na kitu kwa gari."

Nikauliza uwanja wa ndege. Nikaambiwa ndege aliyokuwa apande, ya kutoka Manchester, imetua kwa wakati wake, haina tatizo lolote. Hapo, mwanangu, nilijiona hakimu. Ule wivu wangu uliokuwa umenyamaza ukapata la kusema. Sikujiuliza swali la pili. Nikampigia dada yangu palepale sebuleni kwa Bi Khadija, nikaiweka simu kwa sauti ya juu ili mama asikie anavyoumbuka.

"Wakesho, mbona unatudanganya?"

"Kaka, sidanganyi. Huku juu..."

"Huku juu wapi? Mwadime yuko hapo karibu anaota jua! Ndege imefika, watu wameshuka, wewe tu ndiye umefungwa na theluji?"

"Mwadime yuko chini, kaka, baharini. Huku ni mlimani. Si sawa hata kidogo."

"Uingereza ni kisiwa," nikamwambia, "tena kidogo. Hali ya hewa itagawanywa mafungu mafungu kama nyama ya sherehe? Sema tu una mambo yako. Sema mama amekuwa mzigo."

Mama alinishika mkono. "Mwakio, taratibu. Huenda ni kweli. Hata kwetu, ukitoka Voi jua linakuchoma, ukifika Wundanyi watu wamevaa makoti."

Mwanangu, yasikie maneno hayo vizuri. Mimi nimezaliwa kwenye ukungu wa Wundanyi. Nimeshuka Voi na sweta nikachekwa na wauza miwa. Nililijua jambo lile tangu utotoni, na bado nikamjibu mama yangu, "Mama, usimtetee. Wazungu si kama sisi, mambo yao yamepangwa. Huyu hataki kukuona."

Maneno hayo yalimwingia. Nilimwona akinywea. Akaniomba simu, akaitafuta kwa kupapasa, akaisogeza mdomoni. "Wakesho," akasema polepole, "kama unaona haya kuwa na mama kipofu, ungeniambia. Ningebaki kwangu."

Tulimsikia Wakesho akilia, kisha simu ikakatika.

Bi Khadija alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Hebu mngojeeni mtoto," alisema. "Viza ya mama yako ina siku tele, na mie sijasema nimechoka naye. Subira yavuta heri."

"Bi Khadija, haya ni mambo ya nyumbani kwetu," nikamjibu. "Khalas."

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyemlaza mama yangu kitandani kwake. Alirudi jikoni.

Kesho yake mama akaniambia, "Nirudishe nyumbani." Mtoto mwenye akili angemsihi. Mimi niliharakisha kubadilisha tiketi, nikiona namtendea haki. Mfuko wa makadamia aliuacha juu ya kitanda, na sikujua kama ameusahau au ameususa. Kule uwanja wa ndege, alipokuwa akiongozwa na mhudumu kuingia ndani, aligeuza uso nyuma, lakini aliugeuzia upande ambao sikuwapo. Macho yalikuwa yamefikia hapo.

Wakesho sikumpigia tena, hata kumwambia kwamba mama ameondoka. Hazikupita siku nyingi, simu ikalia nikiwa ghalani. "Kaka, nimefika. Niko uwanja wa ndege. Njooni mnichukue."

Nilimkuta amesimama peke yake, midomo imepasuka kwa baridi, anachechemea mguu mmoja. Hakuwa na sanduku, begi dogo tu la mgongoni. Alitazama nyuma yangu, kushoto na kulia.

"Mama yuko wapi?"

Nilichukua begi lake nikaanza kutembea, naye akanifuata akiuliza, "Kaka, mama yuko wapi? Anaumwa? Kaka?" Nilimwambia tukiwa ndani ya teksi, nikitazama dirishani. Alijikunyata kwenye kiti akafunika uso kwa mikono.

Pale Satwa, Bi Khadija alimkalisha, akamletea maji ya moto na chumvi ya kuchulia mguu, akamuuliza taratibu. Wakesho akaeleza. Mji wao uko juu ya kilima, na theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha mpaka milango ya watu ikazibwa. Alingoja barabara, haikufunguliwa. Baada ya maneno ya mama kwenye simu hakuweza kungoja tena. Akaliacha sanduku, akaanza kushuka kwa miguu. Akateleza kwenye barafu, akaumia. Mkulima mmoja akamwokota kwa trekta lake, akamteremsha bondeni.

"Na ajabu yake ni hii," alisema. "Tulishuka kidogo tu, theluji ikawa mvua. Tukashuka tena, hata mvua hakuna, majani ya kijani kabisa. Nilipopanda treni watu walinitazama mimi niliyejaa theluji kama niliyetoka nchi nyingine. Walioko chini hawakujua kama juu kuna shida. Hata mimi ningekuwa chini nisingeamini."

Sentensi yake ile ya mwisho aliisema kwa ajili yangu. Alikuwa akinitafutia njia ya kutokea, mtu niliyemtukana. Hapo ndipo nilipoona haya hasa, mwanangu, si kidogo. Nilitamani anipige.

Bi Khadija ndiye aliyenipiga, kwa ulimi. Alingoja Wakesho alale, akaniita jikoni.

"Keti," akasema. "Juzi juzi hapa ulichelewa kuja kuchukua chakula cha wenzako. Ulinipigia ukaniambia ukungu umelala Ras Al Khor, gari la mbele halionekani. Mie hapa Satwa nilikuwa naanika nguo, jua la kukausha samaki. Nilikwambia weye mwongo?"

"Hapana, Bi Khadija."

"Kwa nini sikukwambia?"

Hakungoja nijibu.

"Kwa sababu weye ndiye uliyekuwako huko. Mie sikuwako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Weye umemwacha dadako aliye ndani ya theluji, umekwenda kumuuliza mtu anayeota jua, na ukamwamini huyo. Unajua kwa nini ulimwamini? Kwa sababu alikwambia ulichotaka kusikia."

Wivu wangu niliodhani hauonekani, Bi Khadija alikuwa ameuona siku nyingi.

"Sasa mpigie mamako," akaongeza. "Usimwambie kulikuwa na kutoelewana. Mwambie ulikosa weye."

Nikampigia. Nilimweleza mama yote nikiwa nimesimama, jasho likinitiririka ingawa ilikuwa Januari. Akasema, "Nimemwambia mtoto wangu maneno gani, Mwakio? Nimemwambia maneno gani?" Hakunigombeza. Aliomba azungumze na Wakesho, wakalia pamoja, wakasameheana. Lakini kusameheana kwa simu si kuonana. Siku za ruhusa ya Wakesho zilizosalia hazikutosha kufika Taita na kurudi. Alikaa kwa Bi Khadija akiuguza mguu, akila makadamia za mama moja moja, kisha akarudi kazini kwake.

Yeye na mama walikutana nyumbani Wundanyi baada ya miaka miwili. Nami nilikuwa likizoni, kwa hiyo nilikuwapo. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yamefunga kabisa. Wakesho alipiga magoti mbele ya kiti chake, mama akampapasa uso kwa vidole, paji, nyusi, mashavu, akarudia tena na tena. Halafu akageukia upande wangu, akasema bila hasira yoyote, "Mwakio, wewe ndiye uliye na macho. Niambie, mwanangu amekuwaje?"

Nilitoka nje nikasimama uani. Mpaka mama anafariki, sikuwahi kumjibu swali lile.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu amekaa nami, hakui wala hahami. Kwa hiyo nisikilize wewe ambaye bado una muda. Mtu akikuambia mahali alipo kuna theluji, usitoke nje ya mlango wako ukatazama jua lako kisha ukamhukumu. Mvua hainyeshi kila ua, na shida haiwapati watu wawili kwa kipimo kimoja, hata wakiwa wa mji mmoja, hata wa tumbo moja. Muulize aliyeko. Ukiona moyo wako unafurahi kumkamata ndugu yako kwenye uongo, usiufuate. Jichunguze kwanza una nini naye. Na ukiwa huna hakika, ngoja. Kungoja kumewahi kumfedhehesha nani? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole hupona. Na huyo mwenzako uliyemfokea juzi, mpigie leo, umuulize alikuwa wapi na palikuwaje. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako. Akufikishe kwa uwapendao ungali unawaona nao wanakuona, na kila utakayemwambia "nakuja" akungojee. Haya, mwanangu, nenda salama.