Askari wa Kanali na Gunia la Karafuu

Asubuhi hiyo tulikuwa tunachambua karafuu, kuzitenga na makonyo, vile vijiti vyake, mie na mdogo wangu Khamis, uwanjani kwa Bi Echati. Huyu ndiye aliyetupokea kwenye kisiwa kile cha ng'ambo tulikokwenda kutafuta kibarua. Sie watu wa Pemba kazi hiyo tumezaliwa nayo.

"Bi Echati, mbona makonyo mengi kuliko karafuu?" Khamis akamtania.

"Chambua weye. Mdomo hauchambui."

Ukutani kwake ilitundikwa picha ya Kanali Bwanaheri. Ilikuwa lazima, kila nyumba. Mtu yule alianza kwa kulinda geti la bandari. Akampindua yule yule aliyempa cheo, akajiita Rais, akajivika medali kifua kizima za vita ambavyo hakupigana. Hata leo nikikikumbuka kifua kile natema mate.

Siku hiyo jeshi la kumng'oa lilikuwa limeshatua pwani, na Kanali katuma askari vijijini wakamate wanaume wa kuchimba mahandaki. Sie hatukuwa na habari.

Tukasikia gari.

Kwetu Pemba, gari la askari likiingia shambani linatafuta karafuu za magendo. Mtu hajifichi yeye, huficha gunia. Nikapiga kelele: "Khamis, karafuu! Peleka migombani!"

Akajitwika gunia. Akakimbia.

"Simama!" Alikuwa mkuu wa askari wale, Sajini Toiha, kama nilivyokuja kumjua.

Gunia zito lile. Pengine hakusikia.

Risasi mbili.

Toiha akalipasua gunia kwa kisu, akitafuta silaha. Akachota ukufi wa karafuu, akanusa, akacheka. "Nzuri hizi," akasema, akaamuru zipakiwe. Khamis wakamwacha pale pale. Mie wakanichukua.

Siku tatu nilichimba mahandaki ambamo Kanali hakutia hata mguu. Alikwisha kimbia. Nilipoachiwa, Bi Echati alinionesha kaburi. Yeye na majirani ndio waliozika.

Kanali Bwanaheri yu hai, ananenepa, na wapo wasioona haya kumwita Mheshimiwa. Toiha kafungua duka. Nawataja wajulikane.

Niliporudi kwetu Pemba, Kisiwa Panza, mama aliniuliza, "Mwanangu alikuwa akikimbilia wapi?"

Nikamwambia alikuwa akikimbia vita. Mama kafa akiamini hivyo. Lakini Khamis hakukimbia vita. Alikimbia kwa kuwa mie kaka yake nilimwamrisha, na hakuwahi kunikatalia neno.